Kupima kama alkaloidi (kemikali za mimea) hutuliza mchochota: seli za RAW 264.7 au damu mbichi?
Kwa maabara ya Dar es Salaam, RAW 264.7, makrofaji (seli za kinga) za panya zinazokuzwa maabara, zinakula fedha kwenye naitrojeni kimiminika na jenereta. Umeme ukikatika, inkubeta inapoa. Ila majibu yake hayayumbi sana: weka LPS (sumu ya bakteria inayochochea mchochota) na berberini, ambayo ni alkaloidi, subiri saa 24, kisha kwa kipimo cha Griess soma naitriti, alama ya mchochota, kwenye nanomita 540. Usisahau kishimo cha DMSO (kiyeyushi cha alkaloidi) pekee, wala kupima uhai wa seli. Alkaloidi inayoua seli nayo hushusha naitriti, ukadhani imetuliza mchochota!

Damu mbichi ni ya binadamu, lakini inataka kibali cha maadili, kutenganishwa siku hiyohiyo, na kila mchangiaji hujibu kivyake. Unachuja dondoo ishirini za mimea? RAW. Zimebaki mbili? Damu.