Faubourg Saint-Antoine kwa miguu: ziara inayopima ujira kwa mkate

Ziara nyingi za Paris zinazohusu mapinduzi ya 1789 huanza na mfalme na kuishia kwenye gilotini. Hii ya Faubourg Saint-Antoine, mtaa wa mafundi mashariki mwa Paris, inayoongozwa na mwalimu mstaafu wa historia, huanzia kwenye mfuko wa kibarua, na ndiyo maana naipendekeza kwa yeyote anayetaka kuelewa hali za watu walioivamia Bastille, ngome iliyotumika kama gereza la mfalme.

Kituo chenye uzito zaidi ni namba 31, rue de Montreuil, palipokuwa na kiwanda cha karatasi za kupamba kuta cha Jean-Baptiste Réveillon. Hapo mwalimu alitoa mkobani mkate mzito wa karibu kilo mbili, sawa na ule wa ratili nne uliokuwa chakula kikuu cha wafanyakazi, akatupa tuupokezane huku akipiga hesabu. Kibarua alilipwa kama sou 25 (sou ni sarafu ndogo ya Ufaransa ya wakati huo) kwa siku, lakini Jumapili na sikukuu nyingi za kanisa hazikuwa na malipo, kwa hiyo ujira huo ukigawanywa kwa siku zote za mwaka ulibaki kama sou 15. Mkate ule, ambao kwa kawaida ulikuwa sou 8 au 9, ulifika sou 14 na nusu mwezi Februari 1789, baada ya mvua ya mawe ya Julai 1788 na baridi kali iliyofuata. Kodi ya chumba na kuni vilipaswa kutoka katika hiyo nusu sou iliyosalia.

Kwa hesabu hiyo, ghasia za Aprili 1789 zinaeleweka: uvumi kwamba Réveillon anataka ujira ushuke hadi sou 15 ulitosha kuwatoa watu barabarani, nyumba yake ikaporwa, na askari wakawafyatulia risasi.

Kasoro kubwa ni kwamba wanawake walitajwa kwa kupita tu, ilhali kipato chao ndicho kilichoziokoa familia nyingi, na ndio walioandamana hadi Versailles, kwenye kasri la mfalme, tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo kudai mkate. Aidha, tuliharakishwa kwenye Hospitali ya Saint-Antoine, iliyokuwa abasia (makao ya watawa) ambayo ardhi yake iliwaruhusu maseremala kufanya kazi nje ya mamlaka ya vyama vya mafundi. Bei ya ziara ni ya haki, na Kifaransa cha mwalimu ni cha taratibu. Mwombeni mapema awape muda zaidi kwenye hospitali hiyo.