Medali mpya za klabu yetu ya riadha: uzoefu wangu

Mimi ndiye ninayeagiza zawadi za mbio za klabu yetu, na hizi medali za sasa tumeshazitumia misimu kadhaa, kwa hiyo naweza kuzisemea.

Zile za zamani zilikuwa chuma chembamba kilichopakwa rangi ya dhahabu. Ukizisogezea sumaku, zinanasa. Jasho likifika kwenye tundu la utepe, kutu inaanzia hapo hapo na utepe wote unachafuka. Za sasa ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, kisha ikachovywa dhahabu, fedha au shaba. Zina uzito wa kuridhisha, na mchoro umetoka vizuri mno: mkimbiaji kainua kisigino, hadi mikunjo ya bukta inaonekana na ukipitisha kidole unaihisi.

Wapo wanaonung'unika kwamba dhahabu yake ni ya juu juu tu. Hapo nawatetea waliozitengeneza. Medali za dhahabu tupu za Olimpiki ziliishia Stockholm mwaka 1912. Siku hizi bingwa huvishwa fedha iliyofunikwa dhahabu. Ile ya Paris 2024 ilikuwa na uzito wa gramu 529, na dhahabu humo ni gramu 6. Kipande cha chuma cha mnara wa Eiffel kilichowekwa katikati kina gramu 18, yaani mara tatu ya dhahabu yenyewe! Sasa klabu ndogo kama yetu idaiwe nini zaidi?

Nilichohofia ni mchovyo kuchubuka, maana hata huko Paris, Nyjah Huston, mchezaji wa ubao wa magurudumu (skateboard) wa Marekani, alionyesha medali yake ya shaba ikiwa imeanza kuharibika siku chache tu baada ya kuipata. Zetu usoni ziko vilevile. Ukingoni ndiko rangi inakotoka, hasa kwa wanaozitundika pamoja zikawa zinagongana. Za shaba zimedumu kuliko zote.

Kinachoniudhi kweli ni upande wa nyuma. Mtengenezaji kajaza nembo yake, kubwa kuliko hata jina la mbio, na hakuacha nafasi ya kuchonga jina la mshindi na muda wake. Mtu kajinyima usingizi miezi mingi akifanya mazoezi, halafu medali yake haimtaji popote!

Nitaagiza tena kwao, kwa masharti mawili: nyuma pabaki patupu, na ukingo uchovywe mara mbili.