Freedom Trail ya Boston: inafaa kwa anayetafuta chanzo cha uhuru wa Marekani?

Freedom Trail ni njia ya miguu yenye urefu wa takriban kilomita 4 katika jiji la Boston, Marekani, inayounganisha maeneo 16 ya kihistoria kwa mstari mwekundu uliochorwa kwa rangi au kujengwa kwa matofali. Kuifuata hakuna malipo, ingawa baadhi ya majengo, yakiwemo Old State House, Old South Meeting House na nyumba ya Paul Revere, mmoja wa wapigania uhuru, hutoza kiingilio. Tathmini hii inamlenga mgeni mwenye swali moja: je, njia hii itamsaidia kuelewa ni kwa nini makoloni 13, ambayo mwaka 1763 yalishangilia ushindi wa Uingereza dhidi ya Ufaransa, yaliamua kujitenga mwaka 1776?

Itamsaidia, lakini si kwa kuufuata mstari kama ulivyochorwa, kwa sababu mstari huo unafuata mitaa, haufuati miaka. Anayeanzia Boston Common, kama wengi wanavyofanya, huyafikia makaburi ya Granary na kusimama mbele ya kaburi la Samuel Adams, kiongozi wa wapinzani wa Uingereza mjini Boston, na la watu watano waliouawa na askari wa Kiingereza tarehe 5 Machi 1770, kabla hajaelezwa waligombania nini. Huko Charlestown, mtaa wa ng'ambo ya mto ambako njia huishia, atakuta meli ya kivita iliyoshushwa majini mwaka 1797, wakati ugomvi wenyewe ulikuwa umekwisha zamani.

Ushauri wangu ni kwenda moja kwa moja Old State House, jengo la mwaka 1713. Katika chumba cha baraza, Februari 1761, wakili James Otis alipinga hati za upekuzi zilizowaruhusu maofisa wa forodha kuingia katika nyumba au ghala lolote kusaka bidhaa za magendo, bila kutaja wanamshuku nani wala wanatafuta nini. Otis alishindwa kesi, lakini hoja yake kwamba sheria ya Bunge inayokiuka katiba ni batili haikuzikwa pamoja na hukumu. John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani na ambaye siku hiyo alikuwepo akisikiliza, aliandika uzeeni kwamba uhuru ulizaliwa humo. Tukumbuke tu kwamba Adams alikuwa mtu wa Massachusetts, na hakupenda sifa zote za kuanzisha uhuru ziende Virginia, koloni jingine.

Kutoka hapo ndipo habari ya kodi inapoeleweka. Vita dhidi ya Ufaransa viliiachia Uingereza deni kubwa, na mwaka 1765 Bunge la London likatoza ushuru wa stempu kwa magazeti, hati za mahakama na hata karata za kuchezea. Lalamiko kuu la wakoloni halikuwa ukubwa wa ushuru huo. Walisema kwamba ni mabaraza waliyoyachagua wao tu yenye haki ya kuwatoza kodi, na kwamba huo ndio ulikuwa urithi wao kama raia wa Uingereza. Mwaka 1766 Bunge liliifuta sheria hiyo, lakini siku hiyohiyo likatangaza kuwa lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile. Mgeni asiyelishika tangazo hilo ataiona miaka kumi iliyofuata kuwa ni kelele za wafanyabiashara wabahili.

Old South Meeting House, jengo la ibada lililotumika pia kwa mikutano, inathibitisha jambo hilo vizuri kuliko eneo jingine lolote njiani. Watu wapatao 5,000 walikusanyika hapo tarehe 16 Desemba 1773, na usiku huo makasha 342 ya chai yakatupwa baharini. Watoto hufurahia kisa hiki, na watu wazima wengi hudhani chai ilikuwa imepandishwa bei. Kinyume chake, sheria ya mwaka huo iliipunguzia East India Company, kampuni ya Kiingereza iliyouza chai, gharama, hivyo chai yake ingeuzwa kwa bei nafuu huku ushuru wa peni 3 kwa kila ratili ukibaki palepale. Kuinunua kungekuwa kukubali, kwa bei ya kuvutia, kwamba Bunge lina haki ya kutoza. Jibu la London mwaka 1774 lilikuwa kufunga bandari ya Boston na kuibana mikutano ya miji, na hapo makoloni mengine yakaona kwamba lililoipata Massachusetts lingeweza kuwapata wao pia.

Anayezingatia hoja za haki asivipite haraka vituo viwili. Faneuil Hall, ukumbi uliosifiwa kwa hotuba za uhuru, ulitolewa na Peter Faneuil, mfanyabiashara aliyeshiriki biashara ya watumwa. Katika makaburi ya Copp's Hill amezikwa Prince Hall, mtu mweusi huru ambaye mwaka 1777, pamoja na wenzake, aliwasilisha ombi kwa wabunge wa Massachusetts akidai kwamba waliokuwa utumwani walizaliwa na haki ya uhuru sawa na watu wengine wote. Ningependa kituo hicho kipewe uzito sawa na kaburi la Samuel Adams.

Mwenye nusu siku anaweza kuiacha Charlestown bila kupoteza sehemu ya hoja. Mwenye siku nzima apande ngazi 294 za mnara wa Bunker Hill, kumbukumbu ya pigano la mwaka 1775 huko Charlestown, lakini ajue kwamba pale atajifunza habari za vita, si sababu zake.