Gitaa la V lenye saini ya msanii: umbo nalipenda, skrubu yake siisamehe

Gitaa la umeme la umbo la V, saini ya msanii mkubwa imechorwa kwenye kichwa chake kwa wino wa dhahabu, limeachia pini ya mkanda (kitufe cha chuma kinachoshika mkanda wa begani) katikati ya wimbo. Pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) nzima, waya nzima, rangi inang'aa. Kilichoshindwa ni skrubu ya pini hiyo. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika shingo, la sivyo kichwa kingetua sakafuni.

Kampuni siitaji jina. Ila jibu la huduma kwa wateja nalitoa kama nilivyolipata: "Haya magitaa ya saini, ndugu, wengi wanayaning'iniza tu ukutani. Wewe ulikuwa unalipiga umesimama?" Kisha mhudumu huyo akasema dhamana haihusu "matumizi ya jukwaani".

Ndiyo, nililipiga nimesimama! Gitaa la V linapigwa hivyo. Ukikaa, halitulii pajani mpaka uingize paja la kulia katikati ya mabawa yake. Kampuni ya Gibson walipolitoa la kwanza mwaka 1958 walilijua tatizo hilo, wakabandika kipande cha mpira kwenye ukingo wa bawa la chini lisiteleze. (Gitaa langu si la kwao.) Albert King, mpigaji wa bluzi, alilipiga V kwa mkono wa kushoto, kalipindua juu chini, miaka na miaka ya kazi. Lonnie Mack, mpiga gitaa mwingine, alifungiwa kipande cha chuma kati ya mabawa mawili ili lipate kubeba trimolo ya Bigsby, ule mkono wa kutikisa sauti. Bo Diddley wa rock 'n' roll alipanda jukwaani na gitaa la mstatili. Fundi Dave Rusan alimtengenezea mwanamuziki Prince lile gitaa lenye pembe iliyojikunja mapema miaka ya 1980, nalo likafanya kazi kweli. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeagiza pambo la ukuta. Umbo la ajabu ni kifaa cha kazi, na anayeweka saini ya mpigaji juu yake anaahidi hivyo.

Sasa tazama walichofanya. Skrubu niliyoiokota ina urefu wa milimita 20. Ukitoa sehemu inayomezwa na pini yenyewe na washa yake (kipete bapa cha chini), kinachoshika mbao ni kama milimita 10. Milimita 10 kubeba gitaa zima! Tundu nalo lilitobolewa pana kupita kiasi: skrubu iliyong'oka haikutoka na unga wa mbao kwenye meno yake isipokuwa ncha ya mwisho. Maana yake meno ya juu hayakuwa yameshika chochote tangu kiwandani.

Mahali penyewe pia ni pabaya. Kwenye Stratocaster, gitaa la Fender lenye pembe mbili, pini ya mbele iko kwenye ncha ya pembe, karibu usawa wa freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), kwa hiyo uzito unagawanyika vizuri. V haina pembe. Pini inawekwa nyuma, pale shingo inapoungana na mwili, na sehemu kubwa ya shingo inabaki mbele bila kushikiliwa. Mwili wenyewe ni mwepesi kwa sababu katikati pamekatwa, basi kichwa kinazama chini kila ukiachia mkono. Ukiivuta shingo juu, gitaa linainama mbele, na sehemu ya nguvu ya mkanda inaing'oa skrubu moja kwa moja kutoka kwenye tundu lake badala ya kuivuta kwa ubavu. Kila ukijigeuza, pini inacheza kidogo, na tundu linapanuka.

Juu ya hayo wameweka kichwa kikubwa cha maonyesho na funguo nzito za kukazia nyuzi, zile zenye kufuli. Tofauti ya gramu 10 hadi 15 kwa kila ufunguo, mara sita, mwishoni kabisa mwa shingo: hapo ndipo uzito mdogo unapouma zaidi. Funguo nyepesi za mgongo wazi zingetosha, na nyuzi zingekaa kwenye tuni vilevile kama mifereji ya nyuzi imechongwa sawa.

Na lingeanguka? Kichwa kimeinamishwa nyuma, kwa hiyo nyuzinyuzi za mbao zinakatwa kwa mshazari pale kinapoanzia. Hapohapo wamechimba mfereji wa fimbo ya chuma ya kunyoosha shingo, na mbao iliyobaki ni nyembamba kuliko sehemu nyingine yoyote ya shingo. Nyuzi za saizi ya 10 hadi 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) zinavuta kwa zaidi ya kilo 40 muda wote. Pigo moja la nyuma na kichwa kinapasuka. Hicho ndicho mhudumu yule alikiita matumizi yangu.

Kwa aliye na gitaa kama hili, rekebisha kabla halijaachia. Njiti za meno na gundi zinafaa tundu lililolegea kidogo tu. Tundu lililoraruka linataka kizibo. Legeza nyuzi, zungushia tundu utepe wa karatasi ili rangi isipasuke, kisha anza kuzungusha drili kinyume mpaka biti ya milimita 8 ikate rangi, ndipo ugeuze. Ingia kina cha milimita 25, lakini pima kwanza unene wa mwili mahali hapo, maana upande wa pili kuna chumba cha pikapu ya shingo. Alama ya kina ifunge kwa utepe kwenye biti. Paka gundi ya mbao ndani, gonga kijiti cha mbao ngumu cha milimita 8, na usikiguse mpaka kesho yake. Kata kilichozidi kwa patasi kali. Toboa tundu la kuongoza la milimita 3, sugua skrubu ya milimita 4 kwa sabuni kavu, na uiingize kwa bisibisi ya mkono, si kwa drili. Urefu wa skrubu uwe milimita 30 au zaidi kidogo kama unene unaruhusu. Weka washa ya kitambaa kizito chini ya pini. Mkanda uwe mpana, sentimita 7 au 8, wa ngozi yenye upande usiolainishwa unaong'ang'ania nguo; huo peke yake unapunguza sana kuzama kwa kichwa.

Nilikusudia kutoa nyota moja na kumwambia kila mtu akae mbali nalo. Lakini baada ya kizibo na skrubu mpya, lazima niseme ukweli wote: gitaa hili linaimba. Mwili haukuzuii popote, freti ya 22 unaifikia kwa mkono mzima bila kukunja kiwiko. Noti ya juu ukiivuta inakaa, inakaa, mpaka unaiachia wewe. Pikapu ya daraja, ile iliyo karibu na nyuzi zinapofungwa mwilini, ina ukali usiochosha sikio. Aliyechonga shingo hii anajua kazi. Mgongo wake umesawazishwa mpaka freti za mwisho, kingo za freti hazikwaruzi kidole. Nyota nne, nikasema moyoni.

Kisha namkumbuka yule anayeuliza kwa nini nilisimama. Fundi aliyechonga shingo hii ametiwa aibu na skrubu ya bei ya chini kabisa, na waliolipwa kusikiliza malalamiko hawajui wanauza nini. Hapana, si nne. Mbili, na zote mbili ni za fundi.

Ukilitaka, na najua wapo watakaolitaka maana umbo hili likikushika halikuachi, nenda dukani na bisibisi. Omba ruhusa, fungua pini ya nyuma ya shingo kabla hujalipa, pima skrubu. Ikiwa chini ya milimita 25, au ikitoka bila kukaza, waambie wabadilishe hapohapo mbele yako, kwa maandishi kwamba dhamana haijavunjika. Wakikataa, liache kwenye ndoano yake.