Kula Unguja bila kujuta: tazama saa kabla ya kutazama bango

Ukiniuliza pa kula Unguja, nitakuuliza kwanza ni saa ngapi. Sikwepi swali. Mjini kule chakula kina zamu zake: kuna cha asubuhi, cha mchana, cha alasiri na cha baada ya magharibi, na anayepika cha zamu moja mara nyingi hashughuliki na cha zamu nyingine. Mgeni akiamka saa nne, akanywa chai ya hoteli, akashuka mjini saa tisa na nusu kutafuta pilau, atakuta masufuria yanaoshwa. Jioni atakula chochote atakachouziwa, kisha atawasimulia wenzake kwamba chakula cha Zanzibar ni ghali na cha kawaida tu. Maneno hayo niliyasikia sana kabla sijapanda boti, na sikubaliani nayo hata kidogo.

Mimi ni mtu wa Dar, na safari yangu ilikuwa ya tumbo. Bahari ninayo nyumbani.

Tuanze asubuhi, maana ndiyo zamu wageni wengi wanayoikosa. Kuanzia saa kumi na mbili hivi, kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe na zaidi ng'ambo kule Kikwajuni na Michenzani, kuna kina mama na meza zao: maandazi ya iliki, mbaazi za nazi, vitumbua, chapati, na mkate wa ufuta. Kwa mbaazi na maandazi, noti ya shilingi 2,000 ilinishibisha na chenji ikarudi. Mbaazi zenyewe ziwe zimeiva mpaka tui limeshikana nazo. Ukiona tui linaelea peke yake juu, songa mbele kwa jirani.

Mkate wa ufuta nilisimama kuutazama mpaka bibi mwenye meza akanicheka. Unga umeumuka na tui la nazi, mlegevu, haukandiki kwa mkono mkavu. Anachovya mkono kwenye maji, anachota tonge, anautandaza kwenye kikaango cha moto bila mafuta, anaunyunyizia ufuta. Ukishashika chini, anakipindua kikaango chote kichwa chini juu ya makaa. Nilidhani utaanguka. Hauanguki, umegandia. Sekunde chache, uso unapata madoa ya kahawia na ufuta unaanza kunukia, ndipo anaubandua kwa kisu.

"Shikamoo bibi. Naomba miwili."

"Marahaba mwanangu. Ngoja utoke wa moto. Hii ya hapa ishapoa, utakwenda kwenu useme Unguja hatujui mikate."

Nilingoja. Ule wa moto, ukiupasua, ndani una matundu na unavuta. Ule uliopoa, ambao niliununua pia kwa ubishi, ni mkate wa kawaida. Tofauti yake ni kama robo saa.

Kwa anayetaka kitu kizito kuna supu, ya ng'ombe au ya kuku, na chapati. Nzuri, lakini supu nzuri hata Dar ipo, sitakupotezea muda nayo.

Baada ya hapo nenda Darajani hata kama hununui kitu. Soko lile limejengwa 1904, na upande wa samaki asubuhi kuna mnada. Nguru, changu, tasi, jodari, pweza wamemwagwa chini na watu wanatajiana bei kwa kasi ambayo mimi wa Kariakoo nilishindwa kuifuata. Faida yake kwa mlaji ni moja: unaona leo kumeingia nini. Kama hujaona kamba hata mmoja pale sokoni, na usiku mtu anakuambia kamba wake ni wa leo, utajua pa kucheka. Viungo pia vipo, ila pakiti zilizofungwa vizuri za wageni bei yake ni ya wageni. Omba akupimie uzile, yaani bizari nyembamba, na iliki kutoka kwenye gunia, unuse kabla hujalipa.

Mchana ni wa wali. Hapa sina siri kubwa. Lukmaan pale Mkunazini, hatua chache kutoka kanisa la Anglikana, kila mtu anapajua, wenyeji na wageni, na bado panastahili. Vyakula vimepangwa mbele yako, unanyoosha kidole, unapewa. Nenda saa sita na nusu, kabla watu hawajatoka makazini na misikitini. Passing Show, Malindi, karibu na bandari, ndiko nilikokula biriani niliyoipenda kuliko zote: masala yake yamekauka vizuri, vitunguu vimekaangwa mpaka vikawa vyeusi kidogo pembeni, na wali hauna haja ya kujificha nyuma ya rangi. Nilichojifunza ni kuchukua kitu cha nazi pale ambapo nazi inakunwa palepale. Mchuzi wa pweza wa nazi uliopikwa kwa tui jipya una utamu fulani wa mwisho mdomoni ambao tui la pakiti halina. Ukisikia mbuzi ya kukunia inakwaruza jikoni, kaa.

Boko boko nitalitaja kwa sababu wenzangu wa bara wengi hawalijui. Ni ngano na nyama vilivyopikwa muda mrefu na kupondwa pamoja mpaka huwezi tena kutenganisha kipi ni kipi, juu samli na vitunguu vya kukaanga. Sura yake haivutii. Wengine huweka sukari kidogo juu. Mimi sikuweka, na nililimaliza.

Sasa alasiri, na hapa ndipo nitakapokaa.

Urojo una saa yake kuliko chakula kingine chochote mjini. Watu wakitoka kwenye swala ya alasiri, kuanzia saa kumi hivi, meza zinafunguka: Vuga, Mkunazini, Michenzani, kila mtaa una wake, na kila mtu ana hakika kwamba wa mtaani kwake ndio wenyewe. Ukienda mapema, rojo bado linachemshwa. Ukichelewa mpaka usiku, bajia zimelegea. Saa kumi na nusu ndiyo saa yangu.

Bakuli linapangwa mbele yako. Kwanza viazi vya kuchemsha vilivyokatwa vipande. Kisha bajia za dengu, na kachori moja inayobonyezwa kwa mgongo wa kijiko mpaka ipasuke. Halafu mshikaki unachomolewa kwenye kijiti, na yai la kuchemsha ukilitaka. Ndipo linamiminwa rojo la moto, la manjano, la unga wa ngano na ukali wa embe mbichi au ukwaju. Juu yake chatne ya nazi, pilipili, na chipsi nyembamba za muhogo kwa mkono mkunjufu.

"Pilipili nikutilie?"

Sijajibu, mzee mmoja aliyekaa kwenye baraza akanijibia: "Wa bara huyo yakhe, mtilie ya kulamba tu."

Niliomba nyingi. Nililia, wakafurahi, na tokea hapo sikuwa tena mteja wa kupita.

Vipimo vyangu vya urojo mzuri ni hivi. Rojo liwe jepesi, litelezee kwenye bajia; likiwa zito kama uji wa mgonjwa, unga umezidi. Ukali uwe wa tunda, uje taratibu, usikukate ulimi. Na muhimu zaidi, bajia iwe imelowa nje lakini ndani bado ina ukakamavu, ndiyo maana urojo hauliwi polepole huku unapiga picha. Pale mtaani nililipa shilingi 2,500 bakuli lenye mshikaki. Kuna mkahawa mmoja wa wageni ulioniuzia urojo kwenye bakuli la kupendeza kwa bei mara nne ya hiyo, na bajia zilikuwa za friji. Jina nalihifadhi.

Magharibi ikiingia, wote wanamiminika Forodhani. Bustani ile ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa upya 2009, iko mbele ya Ngome Kongwe, na kama sehemu ya kukaa sina la kulalamika. Upepo wa bahari, watoto wanarukia majini kutoka ukutani, majahazi yanapita. Chakula ni habari nyingine. Kwenye meza zenye taa kali na vijiti vya kamba koche, ngisi na papa vilivyopangwa kwa ustadi, sehemu kubwa ya kile unachokiona kimeshapikwa. Ukichagua kinapashwa moto tu. Muuzaji mmoja alinipakulia sahani huku akiniambia "usijali kaka, tutaelewana", na tulipofika kwenye kuelewana akataja shilingi 45,000 kwa ngisi mgumu na vipande viwili vya samaki. Tulibishana, ikashuka, lakini hamu ilishaondoka. Uliza bei ya kila kijiti kabla sahani haijaguswa, na uliza kwa sauti.

Hata hivyo usiipite Forodhani. Juisi ya miwa inayokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi ni nzuri kila usiku. Mishikaki, ukiifuata kule walikokaa wenyeji na familia zao, ni laini na bei yake inasemeka. Na ile inayoitwa piza ya Zanzibar, ambayo ni chapati nyembamba inayovutwa kwa mikono mpaka ukaona meza chini yake, ikawekwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ikakunjwa na kukaangwa kwenye chuma cha duara, kula ya nyama, kula ikiwa ya moto. Wapo wanaoweka chokoleti na ndizi. Kila mtu na dini yake.

Kahawa usiku ni Jaws Corner, Sokomuhogo. Chungu, kikombe kidogo, kutoka kwenye dele linalokaa juu ya makaa, na kashata pembeni. Bei ni ya sarafu. Siasa na mpira vinakuja bure, hata usipoviomba.

Kwa upande wa ufukweni, niliondoka na daladala ya 309 mpaka Jambiani, na huko nilijifunza saa nyingine, ya mwezi. Pweza wa kule wanatafutwa kwa miguu, maji yakipwa. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanatoka mbali sana na kina mama wanakwenda mpaka mwambani na vyuma vyao virefu vya kuchokolea mashimo. Siku hizo pweza ni tele na ni wa saa ileile. Maji yakiwa mafu, yasipotoka mbali, wanapungua, na jikoni wanatoa wa kwenye barafu. Kwa hiyo kabla ya kupanga safari ya mashamba, yaani nje ya mji, tazama kalenda ya mwezi. Niliyemla pale alipigwapigwa kwanza ili alainike, akachemshwa, akamaliziwa kwenye makaa, ndimu na chumvi tu. Hoteli ya jirani siku hiyohiyo ilikuwa na meza ndefu ya kujipakulia yenye makaroni na kuku wa mchuzi mwekundu, na ilikuwa imejaa watu.

Ramadhani ni hesabu tofauti. Mchana migahawa mingi ya mjini imefungwa na si vizuri kula hadharani, hata maji. Lakini jioni ya futari, na muhogo wa nazi, majimbi, tambi na uji wa pilipili manga, ni chakula ambacho miezi mingine hukipati kwa wingi ule. Ukipata mwenyeji wa kukualika, kubali kabla hajamaliza sentensi.

Pemba nilikwenda kwa siku chache tu, kwa hiyo sitajifanya mjuzi. Hakuna Forodhani kule, wala msururu wa migahawa. Chake Chake jioni kuna meza za mishikaki, pweza na chipsi, zinatosha. Chakula kizuri hasa kiko majumbani na kwenye nyumba za wageni ndogo, na kinaagizwa: asubuhi unamwambia mpishi unataka nini usiku, anakwenda sokoni kwa ajili yako. Mimi niliomba samaki wa kupaka, nikaletewa changu mzima na tui zito lenye ukali wa ndimu, kwa bei ambayo Unguja ingeninunulia soda na maneno. Usipoagiza, utakula chipsi mayai, na hilo litakuwa juu yako. Halua ya Wete nunua, chagua iliyo nyororo inayong'aa samli, na omba uonje kwanza, hawakatai.

Jambo la mwisho ni la boti. Bahari kati ya Pemba na Unguja hasa kipindi cha kusi inachafuka, na abiria wengi hawafiki na kifungua kinywa chao. Asubuhi ya safari chukua chai ya rangi yenye tangawizi na kipande cha mkate mkavu. Boti ikifika Malindi mchana bado una muda wa kutosha kabla ya urojo wa saa kumi na nusu.