Camaro ZL1 1LE au Porsche 911 GT3: gari ipi ya uwanja wa mbio?
Kwa nguvu tupu, Camaro iko mbali: injini ya V8 (silinda nane) ya lita 6.2 yenye supachaja, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa zaidi, nguvu za farasi 650. GT3 ya 2017 ina 500, silinda sita, bila tabo, yaani bila pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini. Lakini mwaka huohuo kule kwenye uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, Porsche ilizunguka kwa dakika 7 na sekunde 12.7, Camaro, dakika 7 na sekunde 16. Uzito ndio uliokula nguvu ile. Camaro inapita kilo 1,700, GT3 ni kama 1,430, na injini yake imekaa nyuma, ikiyakandamiza matairi yanayosukuma gari pale dereva anapokanyaga mafuta akitoka kwenye kona. Raha hiyo ndiyo ninayoitaka, nachagua Porsche. Ila Camaro mpya iliuzwa karibu nusu ya bei, na chenji hiyo inanunua matairi mengi sana.