Pauni nane na kanga moja: Proms na shangazi, Royal Albert Hall

Nianze na bei, maana ndiyo iliyonitoa mjini Reading. Tiketi ya kusimama kwenye Proms, matamasha ya okestra ya kila kiangazi, pale ukumbi wa Royal Albert Hall, London, nililipa pauni 8 kwa kila mmoja. Vile viti vya maana sikuthubutu hata kuvitazama. Tiketi za kusimama nilizinunua mtandaoni asubuhi ya siku yenyewe: yangu, na ya shangazi yangu aliyetoka Tanga kuja kututembelea.

Mchana wetu haukuwa mzuri kivile. Treni tuliyoitegemea ilifutwa, saa nzima ikapotelea stesheni. Halafu kwenye mgahawa mmoja jirani na makumbusho ya mtaa wa South Kensington, chai mbili na keki vikanitoka pauni 19, na ile chai shangazi alisema ni maji yaliyoonyeshwa majani. Fungeni chakula nyumbani. Ahueni ilikuwa Natural History Museum: kuingia bure, na ule mzoga wa nyangumi, mifupa mitupu, unaning'inia juu ya vichwa vya watu.

Mkabala wa ukumbi, upande wa bustani, kuna mnara wa Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, wenye sanamu za mabara manne pembeni. Afrika ni mwanamke aliyekaa juu ya ngamia. Shangazi akamzunguka, akamkagua. "Huyu ndiye sisi?" Tukaingia foleni.

Ukumbi una umbo la yai, ulifunguliwa 1871, na unachukua watu zaidi ya elfu tano. Sisi wa pauni nane tunasimama chini kabisa, mbele ya jukwaa, na kwa maoni yangu hakuna mahali bora kuliko hapo. Desturi hii ni ya tangu 1895, Proms zilipoanza huko Queen's Hall (ulipigwa bomu 1941): tiketi ya bei poa ili mtu wa kawaida naye asikie okestra. Ukiinua macho unaona masahani makubwa yananing'inia. Shangazi aliyaita nyungo. Yaliwekwa 1969 kuzuia mwangwi wa kuba. Kabla ya hapo watu walitania kwamba humo unalipia mara moja, unasikia mara mbili.

Piano ilipofunuliwa kifuniko, wenzetu waliosimama chini wakapiga ukelele na wa roshani ya juu wakaitikia, kama wavuvi wanaovuta ngalawa pwani. Shangazi akacheka hadi akashika mbavu. Hakutegemea utani kwa watu wale.

Baada ya mapumziko ikapigwa simfoni ya tisa ya mtunzi Dvořák. Tulikuwa karibu kiasi cha kuona wapiga fidla wawili wakigawana karatasi moja ya noti: wa ndani anaacha kupiga, anafunua ukurasa haraka, anarukia tena kundini kama hakuondoka. Shangazi ala za nyuzi si ngeni kwake, amekulia kwenye taarab ya Tanga, enzi za kikundi cha Black Star. Shida ilikuja sehemu ya pili, ile ya polepole, pale chombo cha jamii ya zumari kinapoachiwa wimbo peke yake. Nikasikia zipu. Kageuka, pochi mkononi, anatafuta njia ya kufika jukwaani. "Huyu anatunzwa saa ngapi?" Nikamshika mkono. "Shangazi, hapa hawatunzi." Akanitazama kama nimemwambia hapa hawazikani.

Kasoro zipo. Kiangazi ndani kuna joto kweli, foleni ya choo cha wanawake wakati wa mapumziko ni ndefu mno, na miguu itauma: muziki ukianza, pale chini hakuna kukaa. Kabla ya hapo na wakati wa mapumziko watu hukaa sakafuni, naye shangazi alitandaza kanga yake. Wazungu wawili wakaomba sehemu, akawasogelea, akawapa na kashata.

Nyota nne. Ya tano imebaki na treni, ambayo kusema kweli si kosa la ukumbi. Mwenye magoti mabovu alipie kiti, na mwenye magoti mazima avae viatu vya chini. Shangazi alirudi hadi Reading ameshika vyake mkononi, akiimba ile sauti ya zumari, tayari kaitia maneno.